Jina la Askari wa Kaunta

Milembe, mayu wangu, mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda sokoni kutafuta begi, kwa sababu lile la zamani zipu yake imegoma, na nawajua: mkiingia sokoni wawili hamtoki mpaka wauza viatu wote wamesalimiwa. Kwa hiyo mchana huu ni wangu. Nimetoa meza barazani, nimeazima kalamu yako ya bluu bila ruhusa, na nimewafukuza kuku. Kesho asubuhi unapanda basi la Geita kwenda kwenye kazi yako mpya. Unanijua baba yako kwenye stendi: nitakagua matairi, nitagombana na konda kuhusu mizigo, na la maana sitalisema. Ndiyo maana naandika.

Habari za kuchemsha maji, kufunga mlango na kutokula ovyo namwachia mama yako. Atakuambia mara tatu, na wewe itikia mara tatu. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo tangu hujazaliwa, na mwaka huu umelifikia mwenyewe bila mimi kukuonyesha njia.

Kwanza naomba radhi kwa kile kicheko. Ulipopata nafasi chuoni kusomea utunzaji wa kumbukumbu, nilikucheka mbele ya wageni. Nilisema, "Yaani nimeuza dume langu kule Samuye ili mtoto akajifunze kupanga mafaili kabatini!" Wageni wakaangua kicheko, wewe ukakusanya vikombe ukaenda navyo jikoni. Sikukufuata. Nilijiambia kwamba utasahau, lakini mimi mwenyewe sijasahau, sasa wewe ungesahauje?

Tena mtu wa kuicheka kazi hiyo hakupaswa kuwa mimi. Nimevaa sare za polisi miaka mingi, na karibu yote niliimalizia kaunta. Mtu akija kulalamika, nafungua kitabu. Mtu akiletwa na pingu, nafungua kitabu. Nilijua kuliko wageni wangu wote kwamba mstari mmoja kwenye kitabu kile unaweza kumrudisha mtu kwake au kumpoteza. Nilicheka kwa sababu niliogopa, ila hilo sikulijua siku ile.

Uliporudi hapa Kagongwa ukaanza kujitolea kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, pale karibu na mashine za mpunga, nikawa nakuona kila Jumatatu unatoka na daftari kubwa kwapani. Nikakuuliza unakwenda wapi.

"Mahakama ya mwanzo, baba. Leo wanabandika orodha ya mashauri."

"Una kesi?"

"Sina."

"Kwa hiyo unakwenda kusoma ukuta?"

"Ndiyo baba. Wamebandika ili usomwe."

Nilimwambia mama yako kwamba mtoto wetu ameanza kuchanganyikiwa na makaratasi. Mama yako akaniambia nimwache mtoto, niende nikarekebishe paa la choo. Nikaenda.

Ilinichukua muda kuelewa ulichokuwa unakifanya, na mimi ndiye niliyekuwa askari humu ndani. Mgambo wakimkamata mtu kijijini, mtendaji huandika barua ya kumkabidhi polisi, yenye tarehe na saa. Kituo kinagonga mhuri kwenye nakala, na nakala hiyo inalala kwenye faili la mtendaji. Miaka na miaka zinalala hapo, na hakuna anayeziomba. Wewe ukaziomba. Kisha ukawa unakaa mahakamani kwenye benchi la watu wote, katikati ya mama za washtakiwa, hakimu anaposoma tarehe ya kukamatwa na wewe unaiandika. Jioni unakuja kuziweka tarehe mbili hizo ubavu kwa ubavu kwenye meza yetu ya kulia chakula, sahani zimesukumwa pembeni.

Siku moja nilichungulia. Barua ya mtendaji ilisema kijana fulani alikabidhiwa polisi Alhamisi. Mahakamani ikasomwa kwamba amekamatwa Jumatatu iliyofuata. Chini yake mwingine, na chini yake mwingine. Sheria inataka mtu afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa ishirini na nne, lakini kwenye karatasi watu hawa walikuwa bado hawajakamatwa, wakati mama zao wanawatafuta. Hukuandika neno hata moja la kumtukana mtu. Uliandika tarehe tu. Nikasema nakwenda kumwangalia mbuzi.

Halafu ukaandika barua kwa mkuu wa kituo kuomba maelezo. Kimya. Ukaandika ya pili, ukataja sheria inayompa mwananchi haki ya kuomba taarifa. Kimya tena. Nikakushauri uache, na nikasema maneno ambayo leo yananiaibisha: kwamba polisi hawachezewi. Ukanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha ukaniuliza kama tuna bahasha nyingine.

Mkutano wa hadhara wa kata ulipofika sikukuambia kwamba nimekuja. Nilikaa nyuma kabisa, penye baiskeli, kofia nimeishusha machoni. Nilikuwa tayari kuona unaaibishwa. Mkuu wa kituo, yule mama ambaye alikuwa amehamia majuzi tu, akasimama na karatasi zako mkononi.

"Binti, hizi tarehe umezitoa wapi?"

"Shikamoo afande."

"Marahaba."

"Za upande huu nimezitoa kwenye faili la mtendaji, zina mhuri wa kituo. Za upande wa pili zimesomwa mahakamani mbele ya watu. Mimi sijaongeza kitu, afande."

"Na kama umekosea kunakili?"

"Basi kitabu cha mahabusu kitanisahihisha. Naomba tukifungue pamoja."

Mayu, mimi niliyeshinda nyuma ya kaunta nusu ya maisha yangu sijawahi kusikia mtu akisema sentensi hiyo. Nimesikia watu wakilia na wakitukana pale kaunta, na wengine wakipiga magoti, lakini hakuna aliyewahi kusema tufungue kitabu pamoja. Yule mama alikutazama, akakunja karatasi akaziweka mfukoni, akasema, "Njoo Jumatano saa nne. Mlete na mtendaji." Nilitaka kusimama niwaambie watu kuwa huyo ni binti yangu. Nikabaki nimekaa, kofia machoni. Nilijivuna mpaka kifua kikauma, na wakati huohuo nilikuwa natamani ardhi ipasuke.

Namvulia kofia yule mama pia. Angeweza kukufukuza, na wengi wangefanya hivyo. Badala yake alikaa na wewe na mtendaji mpaka alasiri, mstari kwa mstari, na kitabu na barua vilipokataa kuelewana aliagiza zitolewe nakala zipelekwe kwa wakubwa zake. Kisha akatundika ule ubao kwenye baraza la kituo: waliomo leo ni wangapi, wameingia saa ngapi, wanakwenda mahakamani lini. Majina hayamo, jina anaambiwa ndugu kaunta, lakini kila anayepita anasoma. Juzi nilimsikia bibi muuza karanga akimuuliza askari, "Jana mliandika sita, leo wanne. Wawili wako wapi?" Na askari akamjibu, tena kwa heshima. Nilinunua karanga zake ambazo sikuzihitaji.

Sasa nikuambie kwa nini siku ile nilikwenda kumwangalia mbuzi.

Nilipoanza kazi nilipangiwa kituo kidogo kwenye machimbo, upande huohuo unakokwenda kesho. Askari mkubwa aliyenipokea alinionyesha kitabu cha mahabusu, kisha akanionyesha karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, imekunjwa chini ya kitabu, na kipande cha penseli. Akasema, "Kijana, kitabu hakifutiki. Anza na penseli." Mtu akiletwa, jina lake linakwenda kwanza kwenye karatasi. Mkuu akiamua abaki, linahamia kitabuni kwa wino. Akiamua aende zake, tunalifuta. Niliona ni huruma. Mchimbaji kagombana kilabuni, asubuhi karudi kwake, hana doa popote. Wengine walitushukuru. Ndivyo nilivyojifunza, na ndivyo nilivyowafundisha waliokuja baada yangu, na hili la kuwafundisha ndilo linaniuma zaidi.

Siku moja aliletwa mchimbaji anayeitwa Masanja. Mwenye duara, yaani mwenye shimo alilokuwa anachimba, alidai kaiba kiroba cha mawe ya dhahabu. Mkuu akasema asiandikwe kitabuni mpaka mwenye duara aje atoe maelezo. Nikamwandika kwa penseli. Mwenye duara hakuja siku hiyo wala ya pili.

Siku ya pili asubuhi alikuja mwanamke na mtoto mgongoni. Akaamkia, akasema mume wake hajarudi tangu jana na kuna duara limeporomoka, sasa anaomba kujua kama yuko kwetu, maana akiwa kwetu yuko hai. Alisema hivyo hivyo, Milembe. Nikafungua kitabu.

"Hayumo, mama."

"Tazama vizuri, baba. Masanja."

"Nimetazama. Hayumo kitabuni."

Karatasi ilikuwa chini ya kiganja changu. Mume wake alikuwa nyuma ya ukuta, hatua nane, nimeshawahi kuzihesabu. Nilijiambia sijasema uongo, maana kitabuni kweli hayumo. Na nilijiambia mambo mengine: mkuu atanihamishia mbali, mama yako alikuwa na mimba yako na hospitali ilikuwa karibu. Sikuambii hayo ili unionee huruma. Nakuambia ujue jinsi mtu anavyojipangia sababu, mpaka anaamini yeye ndiye mwenye shida pale kaunta.

Mwanamke yule akaenda kwenye duara lililoporomoka. Ndugu zake wakachimba kumtafuta mtu ambaye hakuwemo. Kifusi kikamshukia kaka yake, mguu ukavunjika na ukaunga vibaya. Kesho yake wakakata tamaa, wakaweka msiba bila mwili, na yule mwanamke wakamnyoa nywele kama mjane. Siku ya nne mkuu alimwachia Masanja, nami nikalifuta jina lake, nikapuliza vumbi la ufutio. Akatembea mpaka kwake akakuta watu wamekaa matanga yake. Walikimbia. Baba yake mkubwa alikataa kumpa mkono mpaka amwone anakula ugali. Machimboni wakaifanya hadithi ya kuchekesha, na mimi nikacheka nao kambini. Kisha nikakutana na yule mwanamke njiani, kichwa kimenyolewa, na mumewe hai anatembea kando yake. Sikucheka tena.

Hakuna aliyeniuliza chochote, maana hakukuwa na cha kuuliza. Kitabu kilikuwa safi.

Mwanamke huyo unamfahamu. Ni Mama Shija, anayeuza mchele kona ya soko, na yule kaka yake anayechechemea ndiye anayempangia magunia. Walihamia hapa Kagongwa kabla yetu. Mama yako amenishangaa miaka yote hii kwa nini nazunguka soko zima kukwepa kona moja. Nilimwambia mchele wa pale una mawe.

Mwaka huu ukaanza kuandika na habari za zamani, za watu waliotafuta ndugu zao wakaambiwa hawamo. Jioni moja ukaja ukatusimulia habari ya Mama Shija, kijiko mkononi, machozi yanakulenga. Ukasema, "Baba, neno moja tu la kaunta!" Nikasema ndiyo. Nikaomba chumvi.

Juzi, wakati unapanga vitu vyako, uliacha daftari mezani nami nikalifungua. Kwenye safu ya jina la askari, kila mahali ambapo mtu halikumbuki umeandika "halijulikani", kwa mwandiko wako ule ulionyooka. Kwa Mama Shija hukuandika kitu. Umeacha nafasi wazi. Mimi ni mtu wa vitabu, mayu, hata kama nilikuwa mbaya. Najua kwamba asiyejua huandika hajui. Nafasi wazi huachwa kwa ajili ya mtu anayengojewa.

Leo asubuhi nilikwenda kwenye kona ile. Nikasema mwangaluka, akaitika, nikaomba anipimie mchele kilo mbili. Akapima, akafunga, kisha akanitazama. Nikamwambia mimi nani. Nikamwambia karatasi ilikuwa chini ya mkono wangu.

"Nakujua," akasema. "Nilikujua siku ya kwanza ulipohamia hapa. Sauti yako."

"Mbona hukusema, mama?"

"Niseme kwa nani? Ningekuja kwako kaunta?" Akafuta mikono kwenye kanga. "Mwanao aliponiuliza jina la askari, nilimwambia aache hapo pawe wazi. Nikamwambia huyo askari yupo, atakuja mwenyewe."

"Ulimwambia ni mimi?"

"Sikumwambia. Ila alikaa muda mrefu na kalamu haiandiki."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alimwita kaka yake, akamwambia, "Njoo umsalimie Baba Milembe." Akaja anachechemea akanipa mkono. Mkono huo bado nausikia hapa ninapoandika. Mchele mtakaokula jioni hii ni wa kwake, na hauna jiwe hata moja.

Sijui kama ulijua, na sitaki uniambie. Kama ulijua, basi ulikaa na mimi meza moja miezi hii yote, ukanipakulia, ukanisubiri, hukunisukuma hata kidogo. Mimi nisingeweza. Nakuheshimu, Milembe. Neno hili baba hawezi kulisema kwa urahisi kwa mtoto wake, lakini ndilo lenyewe.

Huko unakokwenda utatundika mbao kama ule ubao wa hapa kwenye vituo vya machimboni, na utawakuta vijana nyuma ya kaunta. Watakuwa wamechoka, wana njaa, wanamwogopa mkuu wao. Wengine watakuwa wamefundishwa na watu niliowafundisha mimi. Usiwachukie. Lakini wakikuambia mtu hayumo kitabuni, usitazame kitabu peke yake. Waombe kwa upole wanyanyue kitabu, uone kilicho chini yake. Chuoni hawakukufundisha hilo, kwa hiyo angalau kitu kimoja umekipata kwangu.

Nasikia sauti ya mama yako inakuja barabarani, na inaonekana begi limepatikana, maana anacheka. Namalizia.

Barua hii naikunja kwenye daftari lako, ukurasa wa Mama Shija. Nafasi uliyoiacha nimeijaza mwenyewe: jina langu kamili, cheo changu cha wakati ule, na maneno manne, "nilijua kwamba yumo ndani." Pembeni nimeweka sahihi na tarehe ya leo, kama unavyosema kila siku, kwamba anayeongeza neno kwenye kumbukumbu lazima naye aonekane. Nimeandika kwa kalamu yako, Milembe. Haifutiki.

Baba yako,
Mabula Luhende, aliyekuwa kaunta